Mvua ya Memphis

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu saa mbili kasoro asubuhi, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika tangu alfajiri. "Jamani majirani, hawa vijana wa taka wamegeuza vibaraza vyetu kijiwe. Jana wamejibanza kwangu saa nzima, wamekula maandazi yao palepale, na harufu yao mnaijua. Mwenyekiti aongee nao." Chini yake vikaanza kujipanga vidole gumba. Baadaye nilivihesabu, vilikuwa kumi na kimoja. Cha saba kilikuwa changu.

Nilikiweka huku chai ikinichemkia jikoni. Sikufikiri hata kidogo. Vijana wenyewe nawajua kwa sura, majina sijawahi kuuliza. Wanakuja na guta Jumanne na Ijumaa, watatu. Mmoja ni mrefu, ana fulana nyekundu iliyopauka mpaka imekaribia kuwa ya waridi, na ndiye anayebeba viroba vizito begani. Viroba vikishanyeshewa vinavuja, na ule uchafu unamchuruzika shingoni mpaka kiunoni. Akinikuta getini ananiamkia, "Shikamoo mama," nami naitikia marahaba nikiwa nimeshageuza uso pembeni.

Mwenyekiti akaongea nao. Ijumaa yake mvua ilinyesha tena, na kibarazani kwa mtu hakuonekana kijana hata mmoja. Kundi likarudi kwenye mambo yake, nani kapoteza funguo, nani anauza gesi.

Jioni ya siku hiyo umeme ulikatika. Simu ilikuwa na chaji, na ndani yake nilikuwa na hotuba ya Martin Luther King, yule mchungaji mweusi wa Marekani aliyepigania haki, niliyoipakua siku nyingi bila kuisikiliza yote. Ni ile ya mwisho, ya usiku wa tarehe 3 Aprili 1968, mjini Memphis. Kama wengi wetu nilikuwa nakijua kile kipande cha mwisho tu, anaposema amefika kileleni na ameiona nchi ya ahadi, na kwamba huenda hatafika huko pamoja na wenzake. Kesho yake saa kumi na mbili na dakika moja jioni akapigwa risasi akiwa amesimama kwenye varanda ya Lorraine Motel, mbele ya chumba namba 306. Kipande hicho kinasambazwa kila mwaka na muziki wa huzuni chini yake. Safari hii, kwa kuwa giza lilikuwa refu, nikaanza mwanzo.

Na kabla haijafika mbali inakuja habari ya wazoa taka.

Nilijua kwamba alikufa Memphis. Kilichompeleka Memphis ndicho sikuwahi kukijua sawasawa. Umeme uliporudi saa nne usiku nikaanza kusoma, na nilipofika kwenye habari ya mvua nikaiweka simu chini kwanza.

Mwaka 1968 wazoa taka wa Memphis karibu wote walikuwa weusi, na wasimamizi wao weupe. Walibeba taka kwenye mabeseni makubwa kichwani au begani kutoka nyuma ya nyumba za watu. Mabeseni yalikuwa na matundu, na uchafu uliwavujia mwilini. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu aliyefanya kazi wiki nzima bado alistahili msaada wa serikali wa watu maskini. Tarehe 31 Januari mvua ilinyesha, wafanyakazi weusi 22 wakarudishwa nyumbani bila ujira wa siku. Wasimamizi weupe wakangoja mvua ipite, wakalipwa siku nzima.

Kesho yake, tarehe 1 Februari, ikanyesha tena. Wanaume wawili, Echol Cole na Robert Walker, walikuwa nyuma ya gari la taka la kizamani, lile lenye mtambo wa kushindilia. Kiti cha mbele kilikuwa kimeshajaa. Kujikinga kwenye vibaraza vya watu hawakuruhusiwa, kwa sababu wenye nyumba, weupe, walikuwa wamelalamika kwamba hawa watu weusi wakikaa kula na kupumzika mitaani kwao wanaharibu mandhari. Mahali pekee palipobaki palikuwa ndani ya lile pipa la gari, pamoja na taka. Wakaingia humo. Mtambo ukajiwasha, ukawavuta na kuwasaga. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulalamikia magari hayo, na miaka minne nyuma wenzao wengine wawili walikufa kwa namna inayofanana. Familia za marehemu zilipewa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Bima hawakuwa nayo.

Nilirudi kwenye sentensi ile ya malalamiko ya wenye nyumba. Hakuna aliyetaka mtu afe. Walitaka vibaraza vyao tu.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 12 Februari, wanaume wapatao 1,300 hawakwenda kazini. Meya, Henry Loeb, akasema mgomo ni haramu na hazungumzi na mtu mpaka warudi. Wakaandamana kila siku na mabango yenye maneno manne ya Kiingereza ambayo kuyatafsiri kwa Kiswahili kunanipa taabu kidogo. Kwa neno moja moja ni "Mimi ni mwanamume." Huko Kusini mwa Marekani mzee wa miaka sitini mweusi aliitwa mtoto wa kiume na kila mzungu, hata aliyezaliwa jana. Bango lilikuwa likijibu hilo. Sisi tunalijua vizuri neno lenyewe, maana liliingia mpaka kwenye Kiswahili chetu: boi. Mtu na wajukuu zake, ana mvi kichwa kizima, anaitwa boi na mtoto wa bwana wake, naye anaitika.

Lakini nikiliandika bango hilo kwa ajili ya mtaa wangu ningeandika "Mimi ni mtu." Kiswahili kimeliweka jambo lote kwenye neno hilo, ndiyo maana ugomvi ukifika mwisho mtu anauliza, "Kwani mimi si mtu?"

Kuna kisa cha Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, kinachonirudia hapa. Kabla ya siasa Mboya alikuwa bwana afya wa halmashauri ya jiji la Nairobi, akikagua usafi, kwa mshahara uliokuwa chini sana ya ule wa mzungu mwenye kazi hiyo hiyo. Siku moja alikuwa peke yake maabara anapima maziwa. Mama mmoja wa kizungu akaingia na sampuli yake, akatazama huku na huku, akauliza, "Hakuna mtu humu?" Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Ni huyohuyo Mboya ambaye mwezi Mei 1959, akiwa na miaka 28, aliandaliwa karamu mjini Atlanta na King na wenzake alipokwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. King naye alikuwa na miaka 30 tu. Walielewana upesi, na King alisaidia kutafuta fedha za mwanafunzi. Mmoja alikuja kuuawa Aprili 1968 akiwa na miaka 39, mwingine Julai 1969 barabarani Nairobi akiwa na miaka 38. Nikiwaza kwamba mmoja alianza kazi kwenye usafi wa jiji na mwingine akamalizia kwa wazoa taka, najiambia ni sadfa tu, lakini naiandika hivyo hivyo.

Turudi Memphis. Aliyemwita King ni mchungaji James Lawson, mtu ambaye jina lake lingestahili kujulikana huku kwetu kuliko linavyojulikana. Lawson alikaa India miaka ya 1950, akasoma kwa karibu mbinu za Gandhi, kisha akarudi akawa anawafundisha wanafunzi wa Nashville namna ya kupigwa. Namaanisha hivyo hasa. Vijana walikaa kwenye viti kama wako kwenye mgahawa unaohudumia wazungu tu, wenzao wakawatukana, wakawasukuma, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, mpaka mtu akajifunza kutoinua mkono. Aliyeona hawezi aliambiwa aende akasaidie kazi nyingine. Maana tunapenda kusema King alikuwa mtu wa amani, kana kwamba alizaliwa na damu baridi. Nyumba yake Montgomery, jimboni Alabama, ilipolipuliwa kwa bomu Januari 1956, ndani mlikuwa na mkewe na mtoto mchanga, na King huyohuyo akaomba kibali cha kubeba bastola. Walimnyima. Kutorudisha kipigo alikuja kujifunza, polepole, na kwa kusaidiwa na watu wengine.

Machi 18 alihutubia Memphis, ukumbi ukafurika, akaahidi kurudi kuongoza maandamano. Tarehe 22 ikaanguka theluji ambayo mji ule hauijui, kila kitu kikasimama. Maandamano yakasogezwa mpaka 28, na siku hiyo mambo yakaharibika. Vijana waliokuwa nyuma wakaanza kuvunja vioo vya maduka, polisi wakaingia na virungu na mabomu ya machozi, kijana wa miaka 16, Larry Payne, akapigwa risasi na polisi akafa. King aliondolewa na wasaidizi wake kwenye gari. Magazeti yakamcheka: mtu wa amani kaanzisha fujo kisha kakimbia.

Hapa ndipo mimi binafsi ninapomheshimu zaidi kuliko pale Washington penye ile hotuba ya "Nina ndoto". Alikuwa amechoka. Mwaka mmoja kabla alikuwa amesimama kanisani New York kuipinga vita ya Vietnam, na marafiki wengi walimkimbia. Kura ya maoni ya Gallup ya 1966 ilionyesha Wamarekani 63 kati ya 100 hawakumpenda. Hao ndio wazazi na babu za watu wanaomnukuu leo kila Januari. Angeweza kusema Memphis si kazi yangu, mimi nina kampeni ya kitaifa ya watu maskini inaningoja. Akarudi kuufanya mtihani upya, kwa sababu alijua maandamano ya fujo yakibaki ndiyo neno la mwisho, wazoa taka ndio watakaolipa.

Usiku wa tarehe 3 kulikuwa na dhoruba. Yeye alikuwa hajisikii vizuri, akamtuma rafiki yake Ralph Abernathy akahutubie badala yake, akidhani mvua itawazuia watu. Abernathy alipofika ukumbini, Mason Temple, akapiga simu motelini: hawa waliokuja na mvua hii wamekuja kukusikiliza wewe. Akavaa akaenda.

Nami nilikuwa namsikiliza huku mvua ikigonga bati la jirani. Kabla ya kufika mlimani anapita sokoni kwanza. Anawaambia watu kwamba mtu mweusi mmojammoja ni maskini, lakini mkijumlishwa mna fedha kuliko nchi nyingi za dunia, na fedha hizo zina nguvu mkizizuia. Hakuna haja ya kutukana wala kurusha jiwe. Msinunue Coca-Cola Memphis. Msinunue maziwa ya Sealtest. Msinunue mkate wa Wonder. Toeni fedha zenu benki zile, mziweke Tri-State, ambayo ni benki ya weusi. Mpaka sasa, anasema, wazoa taka peke yao ndio wanaoumia, ni lazima tuugawane huo uchungu. Mhubiri anataja chapa za mkate kama mama aliyetumwa dukani! Hilo huwezi kuliwekea muziki wa huzuni.

Na ndivyo alivyoanza, zaidi ya miaka kumi na miwili nyuma, kule Montgomery. Siku 381 watu weusi hawakupanda basi la mji, na wao ndio waliokuwa abiria watatu kati ya kila wanne. Tunasimuliwa kwamba Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikataa kumpisha mzungu kiti cha basi na dunia ikabadilika. Watu walikwenda kazini kwa miguu, au kwa magari ya kujitolea yapatayo 300 yaliyokuwa na vituo na ratiba, na magari yanataka mafuta na matairi. Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani upande wa King, alipika nyumbani kwake pamoja na kina mama wenzake, wakauza keki na kuku na sandwichi, wakapeleka fedha kwenye mikutano ya kila wiki. Wengine walikuwa wapishi na wafuaji kwenye nyumba za wazungu, wasingeweza kujulikana. Kikundi chao wakakipa jina lenye maana ya "Kutoka Kusikojulikana," ili mtu akiulizwa hizi fedha zimetoka wapi, ajibu bila kusema uongo. Mwanamke yeyote wa kikoba anaielewa historia hiyo kuliko profesa.

Sisi huku tunalipenda neno amani. Tunaliimba, tunaliombea dua, na mara nyingi likitajwa kwa sauti kubwa ujue kuna mtu anaambiwa anyamaze. Funika kombe mwanaharamu apite. King aliandika kutoka jela ya Birmingham mwaka 1963 kwamba kikwazo chake kikubwa pengine si wale wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wenye kuvaa mashuka meupe, ni mtu mstaarabu anayependa utulivu kuliko haki, anayesema nakubaliana na lengo lako ila sikubaliani na njia yako, ngoja kwanza. Nilipokuwa chuo nilisoma maneno hayo nikadhani anawasema wazungu wa Alabama.

Katika hotuba ile ya mvua kuna sehemu anasimulia Msamaria Mwema. Anasema yeye na mkewe waliwahi kuendesha gari kwenye barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko, akaiona ilivyo na kona na mteremko, akaelewa kwa nini kuhani na Mlawi walipita. Hawakuwa watu wabaya, waliogopa. Kila mmoja alijiuliza, nikisimama kumsaidia mtu huyu, mimi litanipata nini? Msamaria akaligeuza swali: nisiposimama, yeye litampata nini? Kisha King anawaambia waliomo ukumbini kwamba hilo ndilo swali lao usiku huo kuhusu wazoa taka. Nilikisikiliza kipande hicho mara mbili. Mimi pale jikoni hata swali la kwanza sikujiuliza. Ningeogopa nini? Nilibonyeza tu.

Alipouawa, miji zaidi ya 100 ya Marekani ilikumbwa na ghasia. Memphis, tarehe 8 Aprili, siku moja kabla ya mazishi, Coretta Scott King alikuja na watoto wake akaongoza maandamano yale ambayo mumewe aliyaahidi. Watu wapatao 42,000 walitembea kimya. Hakikuvunjika kioo. Tarehe 16 Aprili jiji likakitambua chama cha wafanyakazi, likakubali michango yake ikatwe kwenye mishahara, na likatoa nyongeza ya senti 15 kwa saa, tena kwa mafungu mawili. Senti kumi na tano. Sijui nicheke au nilie, lakini nadhani walioandamana walijua tofauti ya nyongeza na kutambuliwa. Mwaka 2017 jiji lilitangaza kuwapa wagomaji wachache waliokuwa bado hai dola 50,000 kila mmoja, kwa sababu wengi walizeeka bila pensheni ya kueleweka. Ilikuwa imepita miaka 49.

Jumanne iliyofuata ilinyesha. Nilisikia filimbi yao, nikatoka na mwavuli. Guta lilikuwa limesimama chini ya mwembe wa jirani, na wale watatu walikuwa wamejifunika turubai la bluu, wamelishikilia kwa mikono juu ya vichwa, maji yanawaingilia ubavuni. Nikafungua geti. Nikawaambia njooni mkae hapa mpaka ipungue.

Yule mrefu akaniangalia, kisha akaangalia mtaa, juu na chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njooni."

"Hapana mama, tumekatazwa."

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Tunajua mama. Lakini mwenyekiti alisema ni kundi zima lilikubaliana. Tukionekana tutanyang'anywa mtaa." Akalivuta turubai likamfunika mwenzake aliyekuwa pembeni. "Ikipungua tunaondoka."

Nikarudi ndani nikaandika kwenye kundi kwamba mimi nilikosea, na kwamba kibaraza changu kiko wazi kwa vijana wa taka siku za mvua, naomba wengine nao wafikirie. Ujumbe ulisomwa na watu thelathini na wawili. Ndugu mmoja akaniuliza faragha kama nina matatizo na mwenyekiti. Mama wa nyumba ya kona, yule aliyeandika ule ujumbe wa kwanza, akauliza wakikaa kwangu nani atasafisha. Nikamjibu, mimi. Kisha mweka hazina akatukumbusha ada ya taka ya mwezi, mwisho tarehe tano, na watu wakaanza kutuma picha za miamala.

Ijumaa niliwauliza majina yao. Nimetenga pia kopo la chai, lile la lita mbili, na bado sijajua kama watakuja kunywea ndani ya geti au palepale chini ya mwembe.